Soko Lililokwisha Kabla ya Kuanza

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Mpanda Mjini, wa Kawajense na wa mitaa ya jirani, kwamba Soko Jipya la Ghalani, lenye vizimba arobaini, matundu sita ya vyoo, milango miwili ya chuma na paa la bati la buluu, limekamilika kwa asilimia mia moja. Inatangazwa pia kwamba ujenzi wake haujaanza. Ujenzi utaanza rasmi siku ambayo jiwe la msingi litawekwa na Mgeni Rasmi, na wananchi wanaombwa wawe watulivu wakati wakisubiri kuanza kwa kitu hicho kilichokwisha.

Gari la matangazo lilizunguka na maneno hayo tangu asubuhi mpaka spika ikakohoa. Aliyeyaandika ni Bwana Osward Ngusa, Mratibu wa Mradi. Aliyasoma mara mbili kabla ya kuyatia muhuri, hakuona kosa. Na nyie mnaocheka, subirini kwanza. Kosa kweli halikuwamo. Katika habari hii yote mtatafuta karatasi moja yenye kosa na hamtaipata.

Osward alikuwa mtoto wa Mama Minza wa Sibwesa, wa kwanza katika ukoo wao kukaa kwenye ofisi yenye mlango unaofungwa kwa ufunguo. Mlangoni paliandikwa Kitengo cha Kuanzisha Miradi Inayotarajiwa Kuanza. Alitembea na kalamu tatu mfukoni: ya buluu ya kuandikia, nyekundu ya kukatia walichoandika wengine, na ya tatu isiyotoa wino, ya kuwaazima watu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu ukimkaa mtu kichwani hutaka chumba kizima.

Sasa hilo ghala. Lilikuwa ghala la zamani la tumbaku, kuta nene, paa limetoboka kama chujio. Kina mama wa Kawajense walikuwa wakiuza humo miaka na miaka, kila mmoja akijua tone lake linadondokea wapi. Mama mmoja, Nyanzala, muuza chapati na maharage, alikaa miaka kumi na minane kwenye kipande pekee ambacho tone halikufika. Mradi wa soko jipya ulipokuja, waliambiwa watoke wakauze barabarani kwa miezi sita. Kila mmoja alipewa karatasi yenye muhuri na namba ya kizimba atakachorudia. Nyanzala alipata namba saba. Akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akatoka.

Miezi sita hiyo ikawa miaka miwili, na haya ndiyo maelezo yake.

Kazi ya kwanza ya mradi haikuwa kuchimba msingi. Ilikuwa kuchonga jiwe. Mwongozo ulisema hivyo, ukurasa wa kwanza kabisa: hakuna ujenzi utakaoanza kabla ya jiwe la msingi kuwekwa na Mgeni Rasmi kutoka juu. Juu wapi, mwongozo haukusema. Jiwe likachongwa Tabora, marumaru nyeupe, likaletwa kwa treni likiwa limeviringishwa kwenye blanketi kama mgonjwa. Liliandikwa hivi: JIWE HILI LA MSINGI LIMEWEKWA NA. Halafu palikuwa peupe, kwa sababu Mgeni Rasmi alikuwa hajajulikana. Halafu TAREHE, na peupe tena. Halafu chini, MRATIBU O. NGUSA. Mwongozo ulisema jina la mratibu liwe la herufi ndogo, lakini fundi wa Tabora alikuwa na kipimo kimoja tu cha herufi, kile kikubwa. Kwa hiyo jiwe zima lilikuwa na jina la mtu mmoja tu, na lilionekana ukiwa ng'ambo ya barabara.

Osward alipoliona alikaa chini. Kisha akampigia simu mama yake.

"Mama, jina letu limeandikwa kwenye jiwe."

Sauti ya Mama Minza ikaja taratibu. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Ni jiwe la msingi, la soko. Jina langu litakaa pale miaka mia."

"Limeshawekwa?"

"Bado."

"Likiwekwa uniite nije nilishike kwa mkono wangu. Jina la baba yako liliandikwa kwenye daftari la shule, daftari likaliwa na mchwa. La babu yako halikuandikwa popote. Lisipowekwa usiniite."

Basi tangu siku hiyo Osward Ngusa alitaka kitu kimoja duniani: jiwe lile liwekwe, na mama yake alishike.

Mgeni Rasmi akaalikwa. Akakubali, Julai. Julai ikafika, ikaja barua kwamba ana majukumu mengine. Akaalikwa Septemba, akakubali kwa furaha, Septemba akapata majukumu mengine zaidi. Wakati huohuo fundi mkuu, Celestin, mtu mpole ambaye wazazi wake walitoka Burundi na ambaye hakuwahi kuacha ukuta umepinda, alikuwa amekaa juu ya mifuko ya saruji akisubiri. Siku moja akaingia ofisini, kofia mkononi.

"Bosi, nina habari ya saruji. Imeanza kuwa jiwe yenyewe, bila kuwekwa na mtu."

"Huwezi kuanza ujenzi, Celestin. Mwongozo."

"Mwongozo unasema nini juu ya saruji inayoganda?"

Osward akaufungua mwongozo. Akausoma mpaka jioni, na kesho yake akaendelea. Siku ya tatu akatoka anang'aa. Mwongozo ulikataza ujenzi. Haukukataza maandalizi ya ujenzi. Popote pale haukusema maandalizi yaishie wapi.

Kwa hiyo Celestin akaandaa. Alilibomoa lile ghala kuandaa eneo, akaandaa msingi, akaandaa kuta, akaandaa linta za juu ya milango. Scola, mchapaji wa ofisi, alikuwa akiandika taarifa za kila mwezi huku anauma midomo asicheke: "Ukuta wa mashariki umeandaliwa kwa tofali elfu moja na mia mbili." "Maandalizi ya paa yamepigwa misumari." "Maandalizi ya vyoo yanavuta maji vizuri." Neno jengo likapigwa marufuku pale kazini, maana jengo lilikuwa halijaanza. Mahali pale, kwa mujibu wa taarifa zote, palikuwa eneo wazi. Mafundi wakazoea. Ungewasikia wakiitana, "We, nimesahau nyundo juu ya dari la eneo wazi!" na mwingine anajibu, "Panda ngazi, lakini usigonge kichwa kwenye eneo wazi!"

Likaja suala la jiwe lenyewe. Lingewekwa kwenye kona ya mashariki, na Celestin alitaka kujua aache nafasi kiasi gani ukutani.

"Jiwe lina sentimita sitini kwa arobaini," alisema. "Naacha sitini na tano."

"Na Mgeni Rasmi?"

"Kwani naye anajengewa humo?"

"Celestin! Lazima apate pa kusimama. Hawezi kuinama kama anachuma mchicha. Na pembeni yake mpiga picha, na mshika mwavuli. Na mimi."

Wakasimama kwenye mstari kupima: Osward akajifanya Mgeni Rasmi, tumbo mbele, Scola akawa mpiga picha, mlinzi akashika mwavuli, na ndoo ikawekwa mahali pa Osward mwenyewe. Celestin akachora chaki huku na huku. Zilitoka mita tatu. Pengo la mita tatu likaachwa wazi ukutani, kutoka sakafuni mpaka kwenye linta, na kibao kikatundikwa: NAFASI YA JIWE. USIZIBE. Milango miwili ya chuma ikatiwa makufuli makubwa, funguo akazivaa Osward kiunoni. Pengo halikutiwa kufuli, kwa sababu kufuli huwekwa kwenye mlango, na lile lilikuwa pengo.

Mgeni Rasmi akaahirisha mara ya tatu, ya nne, ya tano. Rangi ikapakwa. Namba zikaandikwa kwa wekundu kwenye vizimba, moja mpaka arobaini. Celestin akafagia, akakabidhi maandalizi. Na gari la matangazo likazunguka kama mlivyosikia.

Mvua za Novemba zilikuwa zimeanza. Barabarani kina mama walikuwa wakipika huku mguu mmoja umesimama kwenye maji. Nyanzala akajifuta mikono, akafungua pindo la kitenge, akaenda ofisini.

"Hodi, Mratibu."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta karatasi yangu. Namba saba."

Osward akaigeuza karatasi mbele na nyuma. Ilikuwa sahihi. "Kizimba namba saba hakipo, mama."

"Nimekichungulia dirishani. Kina namba nyekundu, na mguu wa saba umepinda kidogo."

"Uliyoyaona ni maandalizi ya namba saba."

"Haya, basi niruhusu nikae kwenye maandalizi yangu nipike maandalizi ya chapati. Wateja waje na maandalizi ya njaa."

"Mama, soko halijaanza. Mgeni Rasmi hajaweka jiwe."

Nyanzala akavuta kiti, akakaa. Alikuwa mtu wa vitendawili huyo, alivipenda kuliko chumvi. Alilea watoto tisa kwa vitendawili. Siku ambayo mboga haikutosha, walikula vitendawili.

"Kitendawili," akasema.

Sasa mtu akikulia mikoa hii, hata umpe ofisi, hata umpe kalamu tatu, neno hilo likimfikia mdomo unafunguka wenyewe. "Tega," Osward akajibu, kisha akaangalia mlango kama kuna aliyemsikia.

"Imeezekwa, imepakwa rangi, imefungwa kufuli. Ukimuuliza mwenyewe, anasema haijaanza."

Osward alilijua jibu. Lilikuwa linaonekana dirishani, buluu kabisa. Lakini jibu lile lilikuwa jengo, na jengo halikutamkika katika ofisi ile.

"Mama, hapa ni mahali pa kazi."

"Umeshindwa?"

"Sijashindwa. Sijibu."

"Asiyejibu ameshindwa. Nipe mji." Maana ndivyo mchezo ulivyo: aliyeshindwa humpa mtegaji mji, mtegaji anakwenda kuutawala kwa maneno, anakula na kunywa huko, ndipo anarudi kutoa jibu. Watoto hutoa hata Dar es Salaam nzima bila wasiwasi.

"Siwezi kutoa mji bila kikao," Osward akasema.

"Basi itisha kikao. Mji wangu nitaungoja." Nyanzala akainuka, akasita. "Kwa hiyo pale kwa sasa ni nini?"

"Eneo wazi."

"Halina jengo?"

"Halina jengo."

"Niandikie, mwanangu. Mimi nimeishia darasa la saba, nikiambiwa kwa mdomo nasahau."

Osward hakuwahi kumnyima mtu karatasi. Akachukua kalamu ya buluu, akaandika: *Inathibitishwa kwamba mahali panapoitwa Ghalani, Kawajense, ni eneo wazi, wala Kitengo hiki hakina jengo lolote mahali hapo.* Akatia sahihi. Akatia muhuri, akapuliza wino ukauke. Nyanzala akaitia karatasi kwenye nailoni, pamoja na ile ya kwanza.

Kesho yake mvua ilipiga tangu alfajiri. Saa nne hivi, Osward akapigiwa simu. Alipofika Ghalani akakuta milango yote miwili imefungwa, makufuli yake yapo, na ndani kuna sauti za watu arobaini. Kina mama walikuwa wamepita kwenye pengo. Walipita bila haraka, na meza zao, na majiko yao, na mmoja na mbuzi, kwa sababu mita tatu zinatosha. Nyanzala alikuwa namba saba, anasukuma chapati kwenye kibao kilichopasuka.

Osward alikuwa amekuja na Yotham, mgambo, mtu mrefu mwenye fomu.

"Watoe," Osward akasema.

Yotham akalamba ncha ya kalamu. "Niwatoe kwenye nini, Mratibu? Hapa panasema, jina la jengo lililovamiwa."

Osward akageuka, akalitazama bati la buluu.

"Niandike Soko la Ghalani?"

"Usiandike hivyo! Soko halijaanza."

"Niandike nini?"

"Andika eneo wazi."

"Kwenye eneo wazi hawavamii, Mratibu. Kwenye eneo wazi wamesimama tu, kama mimi na wewe."

Nyanzala akaitoa barua, akaikunjua kwa ncha za vidole vyenye unga. "Sisi tupo nje hapa, baba. Tunanyeshewa. Jamani, si tunanyeshewa?"

"Tunanyeshewa sana!" wakajibu kina mama, na wote kwa pamoja wakafungua miavuli. Miavuli arobaini, chini ya bati jipya lisilovuja hata tone, ili wasiivunjie heshima taarifa ya ofisi. Yotham akasimama akitazama. Kisha akavua kofia, akaikung'uta maji ambayo hayakuwepo.

"Mvua hii kali, Mratibu," akasema. "Bora tuondoke." Na ikawa hivyo kila siku. Osward akipita kukagua, miavuli inafunguka, akiondoka, inafungwa. Siku moja alijikuta naye ameinua kola ya koti.

Halafu, wiki ya pili, ikaja barua. Mgeni Rasmi anakuja Alhamisi.

Osward aliisoma amesimama. Akampigia mama yake: panda basi. Kisha akaitisha Kamati ya Mapokezi, na kikao kile kilikuwa kigumu. Taarifa ishirini na nne zilikuwa zimekwenda juu zikisema eneo wazi. Mgeni Rasmi lazima akute eneo wazi. Kubomoa kulihitaji kibali cha kubomoa jengo, na jengo halikuwepo. Kufunika kwa turubai kulifikiriwa. Turubai zote za mji zilikuwa zimefunika mpunga. Mwishowe Osward akapata wazo, na kumbukumbu za kikao zimeliandika kama lilivyo: *Iliamuliwa kwamba Mgeni Rasmi asigeuke.*

Kila kitu kikapangwa hivyo. Jukwaa likawekwa likitazama barabarani, soko likiwa mgongoni. Shimo dogo la jiwe likachimbwa mbele ya jukwaa. Gari la mgeni likapangiwa kuingia kinyumenyume, kwa sababu za kiitifaki, ili alitazame eneo kwa kutolitazama. Kikundi cha ngoma kikapewa maagizo: mkiona shingo yake inaanza kwenda, pigeni kwa nguvu.

"Bosi," Celestin akauliza, "sasa lile pengo la mita tatu nilizibe?"

"Usizibe! Ni nafasi ya jiwe."

Alhamisi watu wakajaa. Bodaboda zilipaki mpaka relini. Mama Minza alikuwa safu ya tatu, kitenge kipya, mkoba mapajani, macho kwenye lile jiwe lililolala juu ya meza yenye kitambaa cha kijani. Gari likaingia kinyumenyume. Mgeni Rasmi akashuka, mtu mnene mwenye glavu nyeupe, akapewa mwiko wa fundi uliofungwa utepe. Akapanda jukwaani. Akaongea vizuri.

"Ndugu wananchi! Leo nasimama mahali hapa patupu! Ninapoona pori hili..."

Nyuma yake kikaango kikalia chaaa.

"...ninapoona pori hili, najiuliza..." Pua yake ikapanda. Akanusa. "Najiuliza, nani anapika chapati?"

Shingo ikaanza kwenda. Ngoma zikalipuka. Wachezaji wakaruka mpaka mmoja akaacha kiatu hewani. Osward akakimbilia upande wa pili akipunga mikono, "Mheshimiwa, tazama huku, kuna kwaya!" Lakini harufu ya chapati ya moto mtu aliyesafiri tangu asubuhi hawezi kuishinda kwa kwaya. Mgeni Rasmi akageuka mwili mzima.

Ngoma zikanyamaza. Mbele yake lilisimama soko: kuta za krimu, bati la buluu, na kina mama arobaini wamesimama na miavuli iliyofunguliwa, maana walimwona Mratibu.

"Kile," akasema Mgeni Rasmi kwenye kipaza sauti, "ni nini?"

Wote wakamtazama Osward. Yeye akalitazama jiwe. Akimjibu ni soko letu, basi taarifa ishirini na nne zilizokwenda juu ni za uongo, na jina lililoko chini yake ni hilohilo lililoko kwenye jiwe. Akimjibu ni eneo wazi, mgeni ana macho. Akamwona Mama Minza ameinua shingo. Na pale pengoni akamwona Nyanzala, kifimbo cha kusukumia chapati mkononi.

"Mratibu!" Nyanzala akaita. "Ni kilekile kitendawili. Leo jibu, au utoe mji. Na leo kikao kipo."

Watu wakacheka. Jasho likamtoka Osward mpaka kalamu zikalowa.

"Mheshimiwa," akasema, na sauti ikatoka ndogo, "hicho si chetu. Ni cha hawa kina mama."

"Chao?"

"Kitengo chetu hakina jengo lolote mahali hapa. Nimethibitisha kwa barua."

Barua ikaletwa kutoka kwenye nailoni. Mgeni Rasmi akaisoma kwa sauti, na muhuri akausoma. Uso wake ukaanza kung'aa, maana alikuja kuhutubia pori na sasa amepata mfano wa kutolea.

"Ndugu wananchi! Mnaona? Hawa kina mama hawakungoja! Wamejenga soko la kisasa kwa mikono yao, na Mratibu huyu, miaka miwili, hajaweka hata tofali! Kweli, Mratibu?"

"Kweli, Mheshimiwa."

"Hata moja?"

"Hata moja. Tulikuwa hatujaanza."

"Basi natamka hapa, redio inasikia: soko hili ni la kina mama hawa, na mtu wa ofisi asikanyage kuwasumbua. Na hizo funguo kiunoni ni za nini?"

Osward akazitazama kama ndiyo kwanza anaziona. "Ni zao, Mheshimiwa. Nilikuwa nawatunzia."

Vigelegele vikapigwa mpaka njiwa wakatoka kwenye paa. Safu ya nyuma, Celestin alimsogelea Scola. "Dada, mimi basi miaka miwili nilikuwa nafanya nini?"

"Maandalizi," Scola akamjibu, na safari hii hakuuma midomo.

Mgeni Rasmi akabaki na mwiko wake mkononi. Akauliza jiwe aliweke wapi sasa. Jiwe la Kitengo haliwekwi kwenye soko la kina mama, na kwenye shimo hakukuwa na mradi tena, maana mahali ambapo soko lipo hapajengwi soko. Akazunguka jengo mara moja na glavu zake nyeupe, anatafuta kitu ambacho hakijaanza. Hakukipata. Akala chapati nne, akapanda gari, na gari likatoka kwa mbele. Jina lake halikuchongwa popote.

Nyanzala akapanda juu ya ndoo. "Mji nimepewa, jamani! Nimekwenda Kawajense, nimekuta vizimba arobaini na vyoo sita, nimekaa namba saba, nimekula na nimeshiba. Na jibu lake, Mratibu, ni soko lako."

"Si langu," akasema Osward.

"Ndiyo jibu lenyewe hilo."

Watu wakaanza kutawanyika. Jiwe likabaki mezani, kwa kuwa hakuna fomu ya kurudisha jiwe ambalo halijawekwa. Nyanzala akaligonga kwa kifimbo. "Hili lina mwenyewe?"

"Kiutaratibu," akasema Osward kwa uchovu, "bado halipo."

"Basi nalichukua hilo ambalo halipo. Kibao changu kimepasuka." Kina mama wanne wakalibeba mpaka namba saba. Lilikuwa linayumba, Celestin akachota udongo wa saruji, akalikaza juu ya meza ya kizimba, maandishi juu, akapiga mwiko mara mbili. Nyanzala akatandaza unga, akasukuma chapati ya kwanza. Ilipobanduka, ilikuwa na herufi zilizovimba tumboni, zimegeuka kulia kwenda kushoto, lakini aliyekuwa na njaa alizisoma: NGUSA. Kwenye moto hazikufutika zote.

"Nipe hiyo yenye Ngusa," akasema Yotham mgambo. "Nipe Ngusa mbili na maharage." Na mpaka leo mtu akienda pale haagizi chapati.

Mama Minza akaja taratibu, akipasua umati. Kusoma hakujui. "Osward. Nionyeshe tulipo."

Osward akamshika mkono, akamwekea vidole juu ya jiwe. Unga ulikuwa umeingia kwenye kila herufi, jina limesimama jeupe na kamili kuliko siku lilipotoka Tabora. Mama yake akaipapasa moja moja, kama mtu anayehesabu vidole vya mtoto mchanga.

"Hapa ndipo sisi?"

"Ndipo, mama."

"Limewekwa?"

Osward akalisukuma jiwe kwa kiganja. Halikutikisika. "Limewekwa."

"Na nani?"

Pale peupe pa Mgeni Rasmi palikuwa na donge la unga linangoja kusukumwa. "Na Mama Nyanzala," akasema.

"Mshukuru. Amekuweka mahali watu wanapokuja kila siku." Kisha akamgeukia Nyanzala, akamwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, nifungie Ngusa tatu za njiani, Sibwesa ni mbali. Na huyu mpe moja, tangu asubuhi hajala."

Osward akapewa chapati yake ya moto, akaing'ata. Celestin alikuwa bado amesimama pale, anafuta mwiko kwa suruali, uso wa mtu anayewaza mambo ya mwongozo.

"Bosi," akasema, "kwa kuwa jiwe sasa limewekwa, nianze kujenga?"

Osward alitaka kumjibu, lakini mdomo wake ulikuwa umejaa jina lake.